Kanisa lililobaki na vivuli: Wanakijiji wa Uhispania walivyouza michoro ya kuta zao

Mtu akikwambia ameuza nyumba Mombasa, wafahamu kwamba ameuza kiwanja, kuta na paa. Akikwambia ameuza mlango wa nakshi wa babu yake, pia wafahamu, maana biashara hiyo tumeiona kwa macho yetu hapa Pwani. Lakini kuuza rangi iliyopakwa ukutani, ukuta ukabaki pale pale na rangi ikapanda meli kwenda Marekani? Hilo lilitokea katika kijiji kimoja cha Uhispania karibu miaka mia moja iliyopita. Wageni bado wanakwenda kila mwaka kutazama mahali palipochunwa.

Kanisa lenyewe linaitwa San Baudelio, kwa jina la shahidi wa Kikristo aliyeuawa katika mji wa Nîmes, Ufaransa. Liko juu ya kilima nje ya kijiji cha Casillas de Berlanga, mkoa wa Soria, mwendo wa kama saa mbili kwa gari kutoka Madrid kuelekea kaskazini. Soria ni miongoni mwa mikoa yenye watu wachache kabisa nchini humo. Vijana wamehamia mijini, na vijiji vingi vimebaki na wazee. Nchi ni kavu, upepo ni mkali, na wakati wa baridi ni baridi kwelikweli.

Ukilitazama kwa nje, hutashtuka. Ni sanduku la mawe ya kawaida, na sanduku jingine dogo limeshikizwa upande wa mashariki. Hakuna mnara wala nakshi. Mtu asiyejua angesema ni ghala la nafaka, na kwa kweli kuna miaka ambayo wachungaji walikuwa wakiingiza kondoo humo. Kitu kimoja tu kitakufanya usimame: mlango. Tao lake limezunguka kupita nusu duara, na miguu yake inakaribiana kule chini, kama chuma cha kwato ya farasi. Aliyewahi kuona picha za Msikiti Mkuu wa Cordoba atalijua tao hilo mara moja.

Na hapo ndipo inapobidi kueleza kidogo historia, maana bila hiyo ukiingia ndani utadhani umepotea njia.

Kwa karne kadhaa mto Duero, unaopita karibu na hapo, ulikuwa mpaka kati ya Waislamu wa Andalusia upande wa kusini na falme za Kikristo upande wa kaskazini. Jirani na San Baudelio ipo ngome kubwa ya Gormaz, iliyoimarishwa katika karne ya 10 wakati wa Khalifa al-Hakam wa Pili wa Cordoba. Ngome hiyo ina lango lenye tao la aina ile ile. Mpaka huo haukuwa ukuta. Watu walivuka, waliuziana, walipigana, waliowana. Walikuwepo Wakristo walioishi chini ya utawala wa Kiislamu, wakasema Kiarabu, wakavaa kama majirani zao na kujenga kama walivyojenga majirani zao. Wanahistoria huwaita Wamozarabi. Mwaka 1085 mfalme Alfonso wa Sita aliutwaa mji wa Toledo, na mpaka ukasogea kusini. Kanisa hili hutajwa kuwa la karne hiyo ya 11, na mafundi waliolijenga walikuwa wameshika ufundi wa Cordoba mikononi mwao hata kama ibada yao ilikuwa nyingine.

Sasa ingia ndani. Subiri kidogo macho yazoee giza, kwa sababu mwanga ni mchache.

Katikati ya chumba imesimama nguzo moja nene ya mviringo. Juu yake yanatawanyika matao manane kila upande, yakishika paa, kama makuti yanavyotoka kwenye kichwa cha mtende. Kila anayeandika juu ya San Baudelio huutumia mfano huo wa mtende, na mimi sioni mwingine unaoushinda. Pale juu kabisa, makuti yanapoanzia, kuna kijumba kidogo chenye kuba yake, kimefichwa ndani ya kichwa cha nguzo. Mtu mmoja angeweza kujikunyata humo. Wengine wanasema kilikuwa cha kuficha vitu vya thamani vita vikija. Wengine wanasema kilikuwa cha mcha Mungu aliyejitenga na dunia.

Nusu ya nyuma ya kanisa ina roshani, na chini ya roshani hiyo kuna safu za nguzo fupi nyembamba zilizounganishwa kwa matao yale yale ya Andalusia. Ukisimama katikati yake unajikuta kama uko ndani ya msikiti mdogo sana. Sikwambii ulikuwa msikiti. Haukuwa. Lakini mjenzi alijua msikiti ukoje ndani. Na kwenye kona, mlango mwembamba unaingia pangoni, ndani ya mwamba wenyewe. Inadhaniwa pango ndilo lililotangulia: mtawa alikaa humo karibu na chemchemi, watu wakamfuata, kisha kanisa likajengwa kuliegemea pango. Nje, mwambani, yapo makaburi yaliyochongwa kwa umbo la mtu.

Kwa anayetaka kuupima wakati huo kwa kipimo chetu: mihirabu ya Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ina maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107 wa Miladi. Fundi aliyekuwa akichonga matumbawe Kizimkazi na mchoraji aliyepanda ngazi San Baudelio waliishi karibu zama moja. Wa kwetu alichonga herufi na maua kwa sababu dini yake haikumpa picha za viumbe mahali pa sala. Yule wa Uhispania alikuwa na ruhusa ya kuchora kila kitu, akaitumia yote.

Michoro hiyo ilifanywa katika nusu ya kwanza ya karne ya 12, kwa mtindo ambao Wazungu huuita Kiromaneski. Maana ya neno ni "wa namna ya Kirumi", lakini usiwaze Roma ya Kaisari. Ni mtindo wa Ulaya ya karne ya 11 na 12: kuta nene, madirisha madogo, matao ya mviringo, na sanamu na michoro yenye macho makubwa inayokutazama usoni. Makanisa ya mashambani ya zama hizo yalikuwa yamejaa rangi. Tunayaona leo ni ya mawe matupu kwa sababu rangi imebanduka, au imepakwa chokaa juu yake, au imechukuliwa.

Namna ya kuchora ilikuwa hii. Fundi anapiga lipu ya chokaa na mchanga, na mchoraji anaingia kazini lipu ikiwa bado mbichi. Rangi zake ni za udongo na madini: nyekundu, njano, nyeusi, nyeupe. Maji yanapokauka, chokaa inashikana na hewa na kugeuka kuwa kama jiwe, na rangi inabaki imefungwa ndani yake. Mambo madogo, kama mikunjo ya nguo na mistari ya uso, huongezwa mwisho, ukuta ukiwa umekauka. Watu wetu waliopiga neru kuta za Lamu wanajua chokaa ina subira yake. Ukichelewa haishiki, ukiharakisha inapasuka.

Juu ya kuta, karibu na paa, ilichorwa habari ya Nabii Isa kama inavyosimuliwa katika Injili. Anamponya kipofu. Anamfufua Lazaro. Yuko harusini Kana. Anaingia Jerusalem. Anakula na wanafunzi wake. Msomaji Muislamu hatakuwa mgeni kabisa hapo, kwani kumponya kipofu na kuwahuisha wafu kwa idhini ya Mwenyezi Mungu ni miujiza inayotajwa pia katika Qur'ani, sura ya Al Imran.

Sehemu ya chini ndiyo iliyowashangaza wataalamu. Hakuna mtakatifu wala malaika pale. Kuna mwindaji anayefukuza sungura na mbwa wake. Kuna mwingine mwenye upinde akimlenga kulungu. Kuna mpanda farasi aliyebeba kozi mkononi, askari mwenye ngao ya duara, dubu, na kitambaa cha kuchorwa chenye ndege ndani ya miduara, kuiga hariri za Andalusia. Yupo ngamia wa nundu moja, mweupe, na yupo tembo aliyebeba ngome mgongoni.

Tembo huyo afike Soria na nini? Hakufika kwa miguu. Mchoraji alinakili picha alizoziona kwenye vitambaa na vitu vya anasa vilivyotoka kwa Waislamu. Mafundi wa Cordoba wa karne ya 10 na 11 walikuwa mabingwa wa kuchonga visanduku vya pembe, vyenye wawindaji, simba, ndege na tembo, na pembe waliyoitumia ilikuwa ya tembo wa Afrika. Sitakuapia kwamba ilitoka pwani yetu, kwani Afrika ni kubwa na njia za Jangwa la Sahara zilikuwa karibu nao zaidi. Tunalolijua ni kwamba katika karne hiyo hiyo ya 10 msafiri al-Mas'udi aliyefika nchi ya Zanji aliandika kwamba pembe za huku zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China. Dunia ya biashara iliyomfikisha tembo kwenye ukuta wa kanisa la mashambani ni ile ile tuliyokuwa ndani yake.

Tuje kwenye mauzo yenyewe.

Mwaka 1917 serikali ya Uhispania ililitangaza San Baudelio kuwa mnara wa taifa. Kwenye karatasi, basi, lilikuwa limelindwa. Lakini jengo liliendelea kuwa mali ya wanakijiji wachache, na wanakijiji hao walikuwa maskini. Mwaka 1922 akatokea mfanyabiashara wa vitu vya kale aitwaye Leone Levi, akiwakilisha wanunuzi waliojua vizuri soko la Marekani. Akawawekea mezani peseta 65,000. Hakutaka kanisa. Alitaka michoro tu. Wakauza.

Habari zikafika mjini, kukawa na kelele, kazi ikasimamishwa na kesi ikaenda mahakamani. Ilichukua miaka. Mwaka 1925 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba wenye mali walikuwa na haki ya kuuza. Mwaka 1926 michoro ikatolewa ukutani na kusafirishwa nje.

Ufundi wa kuitoa ni wa Kiitalia, unaitwa strapo, na maana yake ni kunyofoa. Unapaka gundi ya ngozi na mifupa ya wanyama juu ya mchoro, unabandika kitambaa, unaongeza kingine, unaacha vikauke. Gundi ile inapokauka inajikunja kwa nguvu, na inapojikunja inainyanyua ngozi ya juu ya lipu pamoja na rangi. Unakata pembezoni, unavuta kitambaa taratibu, na mchoro unatoka kama ngozi ya mnyama. Unaukunja kama mkeka. Ukifika karakana unaubandika turubai jipya kwa nyuma, kisha unaosha gundi ya mbele kwa maji ya moto. Mchoro wa ukutani sasa ni picha ya kutundika, na picha ya kutundika inauzika.

Lakini strapo haichukui yote. Rangi iliyokuwa imezama ndani zaidi ya chokaa inabaki. Ndiyo maana San Baudelio leo ina kuta zenye vivuli: mstari wa mgongo wa mnyama, duara la ngao, wekundu uliofifia mahali palipokuwa na anga. Mafundi wa kuhifadhi wamezisafisha kuta hizo katika miongo iliyofuata, na sasa vivuli vinasomeka vizuri kuliko vilivyosomeka zamani.

Vipande vyenyewe, zaidi ya ishirini, vilitawanyika Marekani. Karamu ya mwisho iko Boston. Kuingia Jerusalem na harusi ya Kana viko Indianapolis. Mpanda farasi mwenye kozi yuko Cincinnati. Ngamia, pamoja na kipofu na Lazaro, wako New York, katika makumbusho ya The Cloisters. Familia moja imegawanywa kama watoto wa marehemu asiye na wasia.

Mwaka 1957 Uhispania ilifanikiwa kurudisha vipande sita, miongoni mwao tembo, dubu, askari na wawindaji. Viko Madrid, jumba la Prado. Havikurudi bure. Ili kuvipata, serikali iliwapa Wamarekani kwa mkopo usio na mwisho sehemu nzima ya mbele ya kanisa jingine la mashambani, San Martín la Fuentidueña, mkoa wa Segovia. Lilibomolewa jiwe moja moja, mawe zaidi ya 3,000, likavushwa bahari na kujengwa upya New York. Kijiji kimoja kililipa deni la kijiji kingine. Watu wa Fuentidueña, nionavyo mimi, ndio walioonewa zaidi katika hadithi hii yote, na ndio wanaotajwa kidogo kuliko wote.

Kuna wanaosema wanakijiji wa Casillas walikuwa wajinga. Sikubaliani. Mtu mwenye njaa akipewa pesa kwa kitu ambacho serikali yake haijawahi kukitengenezea hata paa, atauza. Sheria iliyolitangaza jengo kuwa mnara haikuleta senti moja kijijini, na ilisahau kusema wazi kwamba kilichomo ndani ni sehemu ya jengo.

Kwa jirani zao wa Catalonia mambo yalikwenda tofauti kidogo. Katika bonde la Boí, milimani Pirenei, kuna makanisa ya Kiromaneski ya vijijini ambayo UNESCO iliyaweka katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Maarufu zaidi ni Sant Climent la Taüll, lililowekwa wakfu tarehe 10 Desemba 1123. Michoro ya kanisa jingine la Catalonia, Santa Maria de Mur, ilipouzwa na kuishia Boston, watu wa makumbusho ya Barcelona waliingiwa na hofu. Kati ya 1919 na 1923 wakanunua michoro ya bonde lile kabla wafanyabiashara hawajafika, wakaichuna kwa ufundi ule ule na kuipeleka mjini kwao. Leo iko pamoja, haikutawanyika, na kila mtu anaweza kuiona Barcelona. Kanisani Taüll, tangu 2013, wanawasha taa zinazorusha picha ya mchoro ukutani, ukaona kwa dakika chache ulivyokuwa.

Hata sanamu za mbao za bonde hilo zimegawanywa. Katika kanisa la Erill la Vall lilipatikana mwaka 1907 kundi la sanamu saba za karne ya 12, zikionyesha mwili wa Yesu ukiteremshwa msalabani. Mbili, Mariamu na Yohana, ziko Barcelona. Tano ziko mji wa Vic. Mama yuko mji mmoja na mwanawe mji mwingine, na kanisani kwao zimesimama nakala.

Je, Barcelona waliokoa au walichukua? Mimi nasema yote mawili, na sioni kwa nini tuchague moja. Lakini ipo tofauti kati ya aliyechukua akaweka mahali ambapo mwenye kitu anaweza kupanda basi akakione, na aliyekipeleka ng'ambo ya bahari.

Sisi tunaijua tofauti hiyo kwa vigango. Kigango ni mti uliochongwa na Wamijikenda kumkumbuka mzee wa chama cha Gohu aliyefariki, na kikishasimikwa hakihamishwi, kinaachwa kioze mahali pake. Mamia ya vigango viling'olewa na kuuzwa, vingi kwa wakusanyaji na majumba ya makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudi: kimoja kilirudishiwa familia yake mwaka 2007, na vingine 37 vilirudishwa Kenya na makumbusho ya jimbo la Illinois mwaka 2023. Walioving'oa mara nyingi walikuwa vijana wa hapa hapa waliohitaji pesa, na bei waliyolipwa haikukaribia ile ya dukani Marekani. Ukiisoma habari ya Casillas unaona mnunuzi ni yule yule.

Na milango ya nakshi? Nyumba ya Mji wa Kale inaweza kuwa kwenye orodha ya serikali, lakini mlango una bawaba, na chenye bawaba hung'oka. Mwenye nyumba ambaye dari yake inavuja akija mtu na gari la mizigo, utamwambia nini?

Kwa yeyote atakayejaliwa kufika huko, awe ni mwanafunzi, baharia au mwenye ndugu Madrid, ningemshauri aanzie Prado. Atazame tembo na wawindaji kwanza, ukumbini, penye mwanga mzuri. Hapo hapo yupo pia mwenzao wa zama zile, kanisa dogo la Vera Cruz la Maderuelo. Michoro yake ilitolewa mwaka 1947 kwa sababu bwawa lilikuwa linajengwa na maji yangeifikia, na imepangwa upya ndani ya chumba cha kipimo kile kile. Kisha akodi gari aende Soria. Mabasi ya kufika Casillas si ya kutegemea, na saa za kufunguliwa hubadilika kwa msimu, kwa hiyo ni vizuri kuuliza katika mji wa Berlanga de Duero kabla ya kupanda kilima. Hapatakikani mavazi maalumu. Hapasaliwi tena kila wiki, ni mnara wa serikali, ingawa adabu ya nyumba ya ibada ni ile ile popote.

Ndani, pita chini ya roshani, simama kati ya zile nguzo fupi, kisha zitazame kuta za pembeni sehemu ya chini. Mwanzoni utaona madoa tu. Mwekee kiganja jicho moja kuzuia mwanga wa mlango, na taratibu mgongo wenye nundu utajitokeza. Ni yule ngamia aliyeko New York.